Prezida na Kadi Zilizorudi Tupu

Walisema hataweza. Mama Neema, anayeuza unga wa muhogo sokoni na kuimba sauti ya pili kanisani, alisema yule mzee hatazirudisha nyimbo za watu hata akiishi mpaka parapanda ilie. Kinyozi Mrundi, ambaye kibanda chake kimeegemeana na duka langu, alisema mzee akizirudisha zote yeye atainyoa kwaya nzima bure, tena wao Waprotestanti na yeye Mkatoliki. Wengine walisema kwa upole, na upole wa watu wa kanisani wakati mwingine ni kofi lililopakwa mafuta: tumwache tu mzee wetu, umri umekwenda, kompyuta si vitu vyake.

Mimi peke yangu nilisema ataweza, na sikuwa nabahatisha. Nina diploma ya ufundi wa kompyuta, niliyoisomea Mbarara huku nikikanda chapati alfajiri na kubeba matofali Jumamosi. Diploma hiyo iko ukutani, ndani ya kioo, na mteja yeyote anaweza kuisoma akingoja simu yake ipate chaji. Wenzangu waliopata karatasi kama hiyo walikwenda Kampala wakabaki huko. Mimi nilirudi kambini Nakivale. Nikafungua duka Base Camp, nikapandisha sola juu ya bati, nikaweka kompyuta, na mpaka leo hakuna duka la picha, chapa na nyimbo linalolifikia langu. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli.

Lakini leo sijiandiki mimi. Namwandika Prezida.

Kwetu Kivu ya Kusini kila kwaya ina prezida, hata ikiwa kwaya yenyewe ni familia moja na jirani wao. Si lazima awe na sauti. Kazi yake ni kupanga safari, kupatanisha waliogombania vitambaa vya sare, na kusimama mbele ya kanisa kabla ya wimbo ili aseme maneno marefu kuliko wimbo. Huyu wetu alikuwa na jina kama kila mtu, ila nadhani lilitumiwa na wagawaji wa chakula tu, na hata wao walipoliita alichelewa kuitika. Ukisema Prezida, aligeuka upesi.

Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye koti la kijivu lililovaliwa jua na mvua, na fimbo. Aliwahi kuwa mchunga ng'ombe wa milimani, na alisimama kama wachungaji wanavyosimama: mguu mmoja ardhini, wa pili umekunjwa juu ya goti la mwenzake, uzito wote kwenye fimbo. Hivyo ndivyo alivyosimama pia mbele ya kompyuta yangu. Nilimpa kiti, akakikataa. "Kiti inalaza akili," alisema. Basi watu waliopita barabarani walimwona mzee amesimama kwa mguu mmoja, fimbo kwapani, mkono juu ya kipanya, anatazama kioo kana kwamba anatazama bonde akingoja ng'ombe watokeze. Wengi waliingia dukani kwa ajili ya kushangaa tu, wakatoka wamepiga picha za pasipoti. Nilimhesabu kuwa tangazo langu bora zaidi.

Alikuja kila siku baada ya maombi ya asubuhi. Mwanzoni alisema amekuja kuchaji simu yake ndogo. Simu ikajaa, akabaki. Mwishowe alibaki moja kwa moja, nami nikamfundisha, kwa maana mimi si mchoyo wa elimu. Alijifunza kufungua folda, kuingiza kadi za kumbukumbu za simu kwenye kisomeo, kuwawekea watu nyimbo na video. Kila flashi iliyopita mikononi mwake aliipa jina la ng'ombe kulingana na rangi yake. Yangu nyekundu ya kahawia iliyoiva aliiita Bihogo. Ya rangi ya udongo mwepesi aliiita Gaju. Nyeusi yenye doa jeupe ilikuwa na jina refu la sifa ambalo sikuweza kulishika. Nikimwomba flashi ya gigabaiti nane hanielewi, nikimwomba Bihogo ananipa bila kuangalia.

Alikuwa na misemo. Mtu akimharakisha alisema, "Maziwa inachemuka kwa wakati yake, si yako." Mtu akijisifu mbele yake, nami nakiri alikuwa anapenda kuusema huu nikiwapo, aliuliza, "Iyo dume yako inaunguruma vizuri, ila inalima?" Nilimjibu kila mara kwamba inalima na inavuna, na akiangalia ukutani ataona. Aliangalia ukutani, akaisoma diploma yangu upya kwa sauti, kila neno, kama mtu anayesoma hukumu, kisha akatikisa kichwa kwa heshima ambayo sikujua kama ni heshima.

Na alijaa mambo yasiyopatana. Aliwafukuza waimbaji waliochelewa mazoezini, na yeye mwenyewe alichelewa kwa kuwa njiani alisimama kumkagua kila ng'ombe. Alisema simu zinaharibu masikio ya vijana, ilhali yeye jioni alizunguka njia ya nyuma ya kanisa ile simu yake ndogo imebanwa sikioni, hasemi neno, anatikisa kichwa polepole. Tulidhani ana ndugu Amerika anayeongea sana. Siku moja kinyozi alimuuliza.

"Prezida, huyo wa upande wa pili hakupi nafasi hata ya kusema ndiyo?"

"Niko nasikiliza habari," alisema, akaitia simu kwenye mfuko wa ndani wa koti, upande wa moyo, akaukanda mfuko kwa kiganja.

Huko nyumbani, kabla ya vita kututawanya, alikuwa akiitwa pia kuamua kesi za ng'ombe. Ukiibiwa, ukampata ng'ombe wako kwenye zizi la mwingine, na huyo mwingine akaapa kuwa amezaliwa kwake, mnamwita yeye. Alisema kazi hiyo ilimfundisha jambo moja tu, na jambo hilo ndilo lililotuletea balaa.

Siku nilipomfundisha kunakili na kukata, nilimweleza kama nilivyoelezwa chuoni. Ukinakili, faili linabaki kule na jingine kama hilo linakuja huku. Ukikata, linaondoka kule na kuhamia huku. Akashusha mguu chini, ishara kwamba jambo ni zito.

"Sasa, ukikopiya, yenyewe ni ipi?"

"Zote mbili, Prezida."

"Apana. Ngombe moja haiwezi kulala mu mazizi mbili. Ikionekana fasi mbili, ujue kuko mutu moja anadanganya."

"Hii si ng'ombe. Ni wimbo."

"Wimbo ya mutu ni mali ya mutu. Mutu ananiletea kintu yake, mimi nabakisha ingine yangu kwa siri? Kopi ni ya bezi, batu ba kuiba, mutoto yangu. Kukata ni ya batu ba haki."

Nilimweleza mara nyingi. Nilimwambia kukata ni hatari, kwamba faili likiwa njiani na umeme ukakatika halipo kule wala huku. Alikubali kwa kichwa na kukataa kwa kidole. Nikigeuka, anakata na kubandika, kwa uaminifu kabisa.

Sasa hizo nyimbo. Vijana wa kwaya siku hizi wanaimba kwa kinanda cha umeme, nyimbo walizozitoa kwenye simu, na Prezida aliumia. Nyimbo za milimani, zile zilizorekodiwa zamani kwa kamera ya kanisa kabla ya kukimbia, zilikuwa zimebaki kwenye kadi chache za simu, kila mama na vipande vyake, hakuna aliyekuwa na zote. Prezida akapita nyumba kwa nyumba akiziazima. Alitaka kuzikusanya kwenye flashi moja, awafundishe vijana, kisha arudishe kila kadi kwa mwenyewe. Watu walimpa kwa kuwa ni yeye. Mimi ningeziomba, pamoja na diploma, wangeniuliza nataka za nini.

Mama Neema ndiye aliyesita kuliko wote. Yeye ni mdogo wa marehemu mke wa Prezida, na kwenye kadi yake kulikuwa na wimbo ambao dada yake ndiye aliyeuongoza. Hakukuwa na sauti nyingine ya yule mama popote duniani. Picha zake zilibaki kwenye nyumba iliyochomwa, na kaburi lake liko mahali ambapo hakuna anayekwenda. Alimpa Prezida kadi imefungwa kwenye kona ya kitenge, fundo juu ya fundo.

"Shemeki, hii si kadi. Hii ni Dada."

"Najua," alisema Prezida. "Nilimuoa."

Nilikuwa nimekwenda Mbarara kununua wino wa mashine ya chapa na nikalala huko. Kazi yote aliifanya peke yake mchana huo. Aliziingiza kadi moja baada ya nyingine, na kutoka kila kadi akazikata nyimbo, akazibandika ndani ya Bihogo. Haki kabisa. Nyimbo za kadi ya mwisho zilikuwa bado zinahama, taa ya flashi inapepesa, aliposikia kengele ya maombi ya jioni. Prezida hakuwahi kulala na kitu cha kuazima. Alimchomoa Bihogo, akamtia mfukoni, akaenda kanisani na kugawa kadi zote kwa wenyewe mlangoni, akishukuru kila mmoja kwa jina la ukoo.

Niliporudi asubuhi nilikuta akina mama wa sauti ya kwanza mbele ya duka, na Prezida katikati yao, miguu yote miwili chini.

"Kadi yangu iko bule!"

"Na yangu! Nilifungua nisikie ule wimbo wa Pasaka, hakuna kintu!"

"Prezida, ata kitunga ya jirani hairudiake bule! Ukiazima kitunga, unarudisha na ata maharagi kidogo ndani. Weye umeturudishia kitunga, ukala na maharagi yetu!"

Hilo la kikapu lilimchoma. Kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu, na yeye ndiye aliyekuwa akiwakumbusha watoto. Alidhani mwenye kadi anaelewa kwamba nyimbo ziko safarini, zinakusanyika kwenye zizi moja, na zitarudi. Akamtoa Bihogo mfukoni kwa majivuno ya mtu anayekwenda kushinda kesi. "Ziko huku zote." Nikamchomeka kwenye kompyuta. Kompyuta ikafikiri, ikatoa kisanduku ikisema haiwezi kumsoma, na kuuliza kama tunataka asafishwe upya.

Nikabonyeza hapana haraka kuliko nilivyowahi kubonyeza kitu chochote. Mtu asiye na diploma angebonyeza ndiyo.

"Imesema nini?" aliuliza.

"Imesema humo hamna kitu inachokiona."

Aliegemea fimbo. Kinyozi, ambaye kawaida ana mzaha wa kila msiba, alirudi kibandani akazima redio.

Ndipo nilipofanya kile nilichosomea. Nilimwambia kwamba Bihogo amechanganyikiwa na huenda asipone, lakini kadi za akina mama zina tumaini. Faili likiondolewa kwenye kadi halifutiki hapohapo. Kinachofutwa ni kumbukumbu ya mahali lilipo. Lenyewe linabaki, mpaka kitu kipya kiandikwe juu yake.

Prezida akainua uso. "Sawa nyayo."

"Nyayo gani?"

"Ngombe ikipotea, nyayo zinabaki mu udongo. Unazifuata, unamupata. Ila kundi ingine ikipita juu, basi, imekwisha."

"Ndiyo hivyo hasa. Mtu akipiga picha moja tu kwa kadi ile, ni kundi linapita juu."

Hakungoja nimalize. Aligeuka kwa akina mama, akainua fimbo kama anazuia mto. "Musipige picha! Mutu asipige picha! Toeni kadi mu simu, munipe, sasa hivi!" Na kwa kuwa hasira yao ilikuwa bado haijapoa, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kuita kundi upande wa pili wa bonde, walizitoa. Alizitia kwenye kikapu kidogo chenye mfuniko uliochongoka, uliokuwa wa kufunikia chombo cha maziwa. Akahesabu kwa macho.

"Mama Neema," alisema.

Mama Neema alikuwa Ngarama. Alikwenda alfajiri kwenye sherehe ya mahari ya binti wa rafiki yake.

Tulipanda pikipiki moja, dereva, Prezida na mimi nyuma, fimbo imekaa upande kama bunduki. Dereva alikuwa Mnyankore, mwenyeji wa huku, aliyejua Kiswahili cha barabarani.

"Mzee, huko nyumbani iko mgonjwa?"

"Iko mutu anapiga picha!"

"Sebo? Bwana, unasema picha?"

"Enda tu, mutoto yangu, enda!"

Tulifika ng'ombe wa mahari wanapotajwa. Wazee wa pande mbili wamekaa wakitazamana, msemaji yuko katikati ya sifa, na Mama Neema amesimama mbele kabisa, simu juu, anarekodi. Prezida akaingia uwanjani anakimbia, koti linapepea, fimbo mbele, anapiga kelele, "Zima! Simamisha!"

Kwa watu wetu, mzee anayekuja mbio kwenye mahari ana maana moja tu. Mjomba wa binti akainuka taratibu, akamshika Prezida mkono, akamwambia kwa sauti ya chini lakini tukaisikia wote: "Muzee, kama kuko ngombe unadai ya zamani, tuongee kando. Usihaibishe musichana."

"Sidai ngombe! Nadai kadi!"

"Kadi ya ndoa?" aliuliza mwingine kwa hofu, na mama wa bwana harusi akaanza kulia.

Ilichukua muda kueleza. Nilieleza mimi, maana msomi hueleweka, na mwishowe wazee walicheka mpaka msemaji akasahau alikuwa amefikia ng'ombe gani, na upande wa binti ukadai aanze upya. Lakini Mama Neema hakucheka. Alikuwa amerekodi tangu asubuhi: wageni wakifika, mabinti wakicheza, vinywaji, hotuba zote. Simu yake ilikuwa imeonyesha kwamba kadi imejaa. Alimtazama shemeji yake, akaitoa kadi, akaitupa ndani ya kikapu kwa vidole viwili.

"Hautazirudisha," alisema. "Ata parapanda ilie. Umemuzika Dada mara ya pili."

Aliyasema mbele ya watu wote. Prezida aliufunga mfuniko. Njia nzima ya kurudi alikishika kikapu kifuani kwa mikono miwili, nami ndiye niliyeshika fimbo.

Kazi ya kufufua faili inataka umeme usiokatika, na sola yangu, ingawa ni nzuri kuliko za wengine, inachoka mawingu yakitanda. Kwa hiyo tulikwenda Mbarara, mtaa wa Kakiika, kwa rafiki niliyesoma naye ambaye ana duka la kutengeneza kompyuta. Programu ya kuokoa faili ipo kwake na naijua vizuri, tulipokuwa chuoni mimi ndiye niliyemwonyesha. Iliisoma kadi moja polepole, kama mtu anayeokota mchele kwenye mchanga. Rafiki yangu alimwuliza Prezida, aliyesimama kwa mguu mmoja akitazama kioo, kama amechoka.

"Namungojea Bihogo," alisema mzee.

Rafiki yangu akapiga makofi. Baba yake alikuwa na Bihogo! Na Gaju pia, aliyekuwa anapiga teke kila mkamuaji isipokuwa mama yake. Basi wale wawili, Mnyankore na mkimbizi wa milima ya Kongo, wakakaa siku nzima wakilinganisha rangi za ng'ombe kwa lugha zao zinazokaribiana, na mzee, kwa mara ya kwanza machoni pangu, akakubali kiti.

Majina ya faili yakaanza kujitokeza. Wimbo wa Pasaka. Wimbo wa safari. Wimbo wa mama mmoja wa kwaya, wakati huo bado binti, ameshika kitabu cha nyimbo kichwa chini. Prezida aliinuka kila mmoja ulipofunguka.

Sikumruhusu kushangilia. Nilimwambia: sasa utafanya kazi mwenyewe, na utafanya ninavyosema mimi. Tunanakili, hatukati. Tukinakili, tunangoja mpaka mwisho. Tunafungua kila wimbo upande wa pili na kuusikiliza, si mwanzo tu. Tunalinganisha idadi ya huku na ya kule. Tunaitoa flashi kwa kuiaga kwanza kwenye kompyuta, taa ikiwa imetulia. Na hata baada ya hayo yote, cha kwanza hatukifuti.

"Eeh," alisema polepole. "Ngombe ikivuka muto, unamuhesabu ngambo, haumuhesabu mu maji."

"Ndiyo."

"Na ndama ikiwa inanyonya, haumukokote."

"Hiyo ndiyo taa inayopepesa. Umeelewa."

"Ila kopi," alisema, na uso ukakunjamana. "Kopi mingi vile, fasi mingi vile."

Nilichoka. Nikamwuliza: nyumbani, ng'ombe wako wote walilala kwako? Akacheka kwa dharau. Nani mjinga wa kufanya hivyo? Wengine walikuwa kwa rafiki wa mlima wa pili, wengine kwa shemeji ng'ambo ya msitu. Ugonjwa ukiingia kwako, au wezi wakija, hawakumalizi. Na rafiki anayekufugia, ng'ombe akizaa, unampa ndama.

Nilimtazama. Akanitazama. Kisha akaigonga sakafu kwa fimbo.

"Juu ya nini haukusema vile tangu mwanzo?"

"Nilisema! Nimesema mwaka mzima!"

"Haukusema na ngombe."

Kadi zote zilipona isipokuwa moja. Ya Mama Neema ilitupa mahari ya Ngarama, safi kabisa, na chini ya mahari hayo vipande: uso wa mtu uliogawanyika vigae vya rangi, sauti kama mbuzi aliyefungiwa ndani ya debe. Nilijaribu njia zote ninazozijua, nazo ni nyingi. Prezida aliweka kiganja begani mwangu. "Acha," alisema. "Kundi imepita." Njiani kurudi hakusema msemo wowote. Mara kadhaa aligusa mfuko wa ndani wa koti, kama mtu anayehakikisha kitu, au anayebishana nacho.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, watu walikusanyika mbele ya duka langu. Nilitoa meza na kompyuta yangu ya mapajani, mpya wakati ule. Prezida alikuwa amepiga koti pasi. Alihutubu kidogo kwa kipimo chake, yaani jua lilisogea. Kisha akawaita wenye kadi mmoja mmoja. Hakuna aliyekabidhiwa kadi yake kabla haijafunguliwa mbele yake akasikia.

Mama wa kwanza alisikiliza wimbo wake wa Pasaka, akapangusa macho, kisha akaona majina yanaendelea kushuka kwenye kioo. "Prezida, hizi zingine si zangu."

"Ni zako. Kitunga hairudi bule. Ngombe yako imerudi na ndama. Kila mutu anapata za wote. Na mutu akipoteza, atazikuta kwa mwenziwe."

Kukawa na vigelegele. Kadi zikaondoka kikapuni, kelele zikaongezeka, vijana wa kinanda cha umeme wakaanza kuomba nao wawekewe, kinyozi akaanza kusema aliposema kwaya nzima hakumaanisha na watoto. Mwishowe kikapuni ikabaki kadi moja, na Mama Neema amesimama, mikono kifuani.

"Yako imejaa za wenzako," Prezida alimwambia. "Na ile mahari iko mu flashi, haikupotea."

"Na Dada?"

Prezida aliingiza mkono kwenye mfuko wa ndani, upande wa moyo, akatoa ile simu yake ndogo, akailaza juu ya meza kana kwamba inaungua.

"Iko humu."

"Humu wapi?"

"Zamani. Ulileta simu yako kuchaji hapa. Mutoto huyu wa duka alikuwa anakula. Nikatuma kwa Bluetooth, kutoka simu yako kuya kwangu." Akamsogezea simu. "Sikukuomba. Ni kopi."

Nilishangaa kuliko nilivyoshangaa siku nilipopata diploma, ingawa siku ile sikushangaa sana. Kinyozi ndiye aliyeanza. "Habari!" alilia, akishika mbavu. "Kumbe hizo ndizo habari ulizokuwa unasikiliza! Jaji wa ng'ombe! Kopi ni ya wezi!" Na kelele zikapasuka, watu wakishikana mabega kwa kicheko, na Prezida amesimama katikati yao, ameinamisha uso, haondoki.

Niliunganisha simu na kompyuta, lakini hakuniruhusu kugusa kipanya. Alisimama kwa mguu mmoja. Akachagua wimbo. Kidole kikapita juu ya kukata bila kusita, kikatua kwenye kunakili. Akabandika. Akangoja. Akafungua kule ulikofika, na sauti ya mwanamke ikatoka kwenye spika yangu, nyororo, mbele kidogo ya wenzake, na Mama Neema akaziba mdomo kwa kitenge. Tuliusikiliza mpaka mwisho, kama sheria inavyosema. Akaiaga kadi kwenye kompyuta, akaitoa, akaiweka kwenye kiganja cha shemeji yake kwa mikono miwili.

Mama Neema alikunja ngumi juu yake. Kisha akaitazama simu iliyobaki mezani.

"Sasa Dada iko kwangu," alisema. "Na weye ulifundisha batu: ngombe moja haiwezi kulala mu mazizi mbili. Futa ya kwako."

Mzee aliitazama simu. Mkono wake ulikwenda nusu ya njia, ukasimama.

Mama Neema alimwacha hivyo kwa muda wa pumzi moja, maana shemeji ni shemeji. Halafu akaichukua simu yeye mwenyewe, akaurudisha mkono wa mzee na kuitia kwenye mfuko wa ndani wa koti, upande wa moyo, akaukanda mfuko kwa kiganja.

"Mwizi weye," alimwambia. "Nakupatia unifugie."

Prezida aliichomeka fimbo ardhini, akainua mikono yote miwili juu kama pembe, na mbele ya wote aliokuwa amewalipa akashukuru kwa sauti ya milimani, maneno yote, mwanzo mpaka mwisho, kama mtu anavyoshukuru akipewa ng'ombe. Kinyozi alikuwa ameshaingia kibandani kuwasha mashine ya kunyolea.